"Kwetu hatuna saratani hiyo": damu ya ukoo, kirusi na shingo ya kizazi

Fundi wa Darubini (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote wa kisiwani na wa ng'ambo zote. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kuchungulia vioo mchana kutwa. Kuna maneno mawili hunifikia kila wiki pale dirisha la kupokelea sampuli. La kwanza ni la mwanamke aliyesukumwasukumwa na nesi aje: "Kwetu hatuna saratani hiyo, ya nini nipimwe?" La pili ni la kunong'onezana: "Nyumba ile saratani ya kizazi ni ya ukoo, usiingie." Hili la pili limefika hadi kwenye posa. Nawajua mabinti walioachwa kwenye mataa kwa sababu nyanya yao na shangazi yao walikufa nayo.

Niweke hoja mbele tusizunguke. Saratani ya shingo ya kizazi haianzi na damu, huanza na kirusi. Damu ya ukoo ina sehemu yake na nitaieleza, lakini sehemu hiyo ni ya kuamua mwili utakitoa kirusi ama utakaa nacho. Asiye na kirusi, hata awe wa ukoo gani, ni nadra mno aipate. Aliye nacho anaweza kuipata, hata kama kwao haijaonekana tangu Wareno hawajajenga Ngome.

Kirusi chenyewe ni HPV, yaani cha papiloma. Kina aina zaidi ya 200. Nyingi hazina neno, baadhi huleta chunjua za mikononi au za sehemu za siri, na aina 12 hivi ndizo zinazotambuliwa rasmi kuwa za kuleta saratani. Mjerumani Harald zur Hausen aliipata HPV 16 ndani ya vinyama vya saratani mwaka 1983, na HPV 18 mwaka uliofuata, wakati wenzake wengi walikuwa wameng'ang'ania kwamba mwenye makosa ni kirusi cha hepesi. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobeli. HPV 16 na 18 peke yake ndizo zinazobeba kama asilimia 70 ya saratani hii duniani. Huku kwetu Afrika kuna HPV 35, ambayo huonekana zaidi kwa wanawake wetu kuliko kwengineko. Ikumbukeni hiyo, nitairudia.

Kinavyofanya kazi: kirusi hupenya kwenye mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, kikafika tabaka la chini kabisa la ngozi laini ya shingo ya kizazi. Kina protini mbili, E6 na E7. Seli zetu zina protini iitwayo p53, ambayo seli ikiharibika huisimamisha isijigawe, na isiporekebishika huiua. E6 huikamata p53 ikavunjwavunjwa. E7 nayo huifunga nyingine iitwayo Rb, ile inayoizuia seli isianze kujigawa kabla ya wakati wake. Zikishaondolewa hizo mbili, seli hujigawa tu, na kila ikijigawa hurundika makosa mengine. Miaka ikipita, mara nyingi DNA ya kirusi hujichomeka ndani ya DNA ya mwenye mwili, na hapo hakuna tena wa kuitoa.

Mimi huyaona haya kwenye kioo kabla hayajawa saratani. Seli ya kawaida ya shingo ya kizazi ni pana, kiini chake kidogo na cha mviringo. Iliyoingiliwa na HPV kiini huwa kimevimba, kimekunjamana, mara nyingine ni viwili ndani ya seli moja, na pembeni yake pana uwazi mweupe uliokatwa kwa ukingo mzito. Tunaiita koilosaiti. Ukiiona mara moja huisahau.

Na seli maarufu kuliko zote za maabara duniani, zinazoitwa HeLa, zilitolewa mwaka 1951 kwenye shingo ya kizazi ya mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, bila ya kuombwa ruhusa. Alikufa mwaka huo huo. Seli zake mpaka leo zinajigawa kwenye chupa, na ndani yake mna HPV 18.

Sasa msiogope. Watu wengi sana waliowahi kukutana kimwili na mtu wamewahi kukipata kirusi hiki, wake kwa waume, na kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili bila hata kujua kilipita. Tatizo ni kwa wale wachache ambao hukaa nacho. Kutoka hapo mpaka saratani ni safari ya miaka 15 hadi 20. Kwa ambaye kinga ya mwili imeshuka, hasa mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye virusi vya ukimwi ana hatari mara 6 kuliko asiye navyo.

Swali la kwa nini huyu akitoe na yule akae nacho ndilo linalotuleta kwenye damu. Ngojeni nisali nirudi.

Likoni Feri

Tuko hapa tunangoja. Mimi mwenyewe niko kwenye foleni ya feri, wakati ninao.

Fundi wa Darubini

Nimerudi.

Kwenye kromosomu ya 6 tuna kundi la jeni linaloitwa HLA. Kazi yake ni kuchukua vipande vya vitu vilivyomo ndani ya seli na kuvionesha nje, kinga ya mwili ivisome, kama makanga anavyoning'inia mlangoni akitangaza gari laelekea wapi. Makanga hawana sauti moja. Wako wa kusikika toka Mwembe Tayari hadi Buxton, na wako wa kunong'ona. Ukizaliwa na HLA isiyovionesha vizuri vipande vya HPV 16, kinga yako inaweza kupita pale pale isijue kuna mgeni. Wanasayansi wa Sweden walipopekua jeni za maelfu ya wanawake, matokeo wakayatoa mwaka 2013, alama zilizojitokeza waziwazi zilikuwa eneo hilo hilo la HLA. Tafiti nyingi zimerudia kuona kwamba wenye aina ya HLA iitwayo DRB1*13 wana nafuu, na wenye baadhi ya aina za DQB1*03 wana hatari iliyopanda kidogo. Kidogo, nasema. Hakuna jeni moja hapa inayomhukumu mtu.

Kuna nadra chache. Ugonjwa wa kurithi wa Peutz-Jeghers, unaotokana na hitilafu kwenye jeni ya STK11, huleta madoa meusi midomoni tangu utotoni na vinyama kwenye utumbo, na wenye ugonjwa huo wanaweza kupata aina fulani ya saratani ya tezi za shingo ya kizazi ambayo haina uhusiano na HPV. Ndiyo maana nilisema "nadra mno", sikusema "haiwezekani". Lakini wengi wenu hamtakutana na mtu huyo maishani.

Shosti wa Majengo

Fundi, heshima yako, lakini kwetu ni nyanya, kisha mama mkubwa, na sasa dadangu wa kwanza anapigwa miale. Watu watatu mkono mmoja. Utaniambia si damu?

Fundi wa Darubini

Pole sana dada, Mungu amsahilishie nduguyo. Sitakwambia si damu. Nitakwambia si damu peke yake.

Wasweden wana daftari za taifa zinazoonesha nani ni mzazi wa nani na nani aliugua nini. Waliangalia wanawake walioipata saratani hii au dalili zake za mwanzo, wakawatazama na jamaa zao. Aliyekuwa na mama mzazi au dada wa tumbo moja mwenye ugonjwa, hatari yake ilikuwa karibu mara mbili. Ila ugonjwa ulipokuwa kwa mama mlezi asiyemzaa, haikupanda hivyo. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba damu ina neno, si malezi tu. Walipopiga hesabu yao, sehemu ya kurithi ikaja kama robo ya yote.

Mara mbili ni kitu, lakini linganisha na ile mara 6 ya virusi vya ukimwi. Halafu zipo zinazotembea pamoja na ukoo bila ya kuwa damu: kuolewa mapema, kuzaa watoto wengi, kutopimwa hata siku moja. Nyanya hakupimwa, mama mkubwa hakupimwa, na wewe je? Kwako wewe hao watatu ni sababu ya kwenda mwezi huu, tena uwaburure na wadogo zako.

Shosti wa Majengo

Sijapimwa. Sitasema uongo mbele ya watu.

Ami Bin Kombo

Mimi ni mtu mzima, nimeyaona mengi. Wanangu, siku hizi kila kitu kirusi. Zamani wake zetu walikuwa wanaugua tukijua hasad iko, jicho liko, na wanatibiwa. Jengine, sisi tunatahiri wana wetu. Ugonjwa huu ni wa wasiotahiri.

Fundi wa Darubini

Shikamoo ami. Kwenye tohara una hoja nzito kuliko unavyodhani, ila haifiki mwisho. Huko Rakai, Uganda, wanaume waligawanywa, wengine wakatahiriwa mapema na wengine wakangoja, kisha wake zao wakapimwa. Wake wa waliotahiriwa walionekana na HPV za hatari kwa upungufu wa kama robo. Ni faida, sikatai. Lakini waliobaki nacho walikuwa bado wengi. Na hapa Mombasa, ami, wanaume wetu karibu wote wametahiriwa na wadi bado zina wagonjwa.

La hasad siligombani. Asome dua, na kesho asubuhi aende kliniki.

Likoni Feri

Kwa hivyo kwa ufupi huu ni ugonjwa wa zinaa. Semeni tu waziwazi, anayeupata alizurura.

Mama Twahir Kisauni

Wewe Likoni Feri nakuheshimu kwa kuwa sikujui. Mimi niliolewa mwari, sikumjua mwanamume mwengine ila marehemu baba Twahir, na eda yake nimekaa mpaka ikesha. Nilipoenda kupimwa nikaambiwa kirusi kipo. Nilirudi nyumbani na leso usoni kwenye tuktuk, dereva akidhani nimefiwa. Nikawa najiuliza nimkasirikie maiti? Sasa wewe niambie mimi nilizurura wapi.

Nesi Mstaafu

Mama Twahir pole mamangu. Hili ndilo nililotaka mtu aliulize, kwa sababu limevunja nyumba nyingi bila sababu.

Nimefanya kazi kliniki za uzazi tangu niko msichana. Kirusi hiki hupita kwa kukutana kimwili, kweli, hata kwa kugusana ngozi ya sehemu za siri tu. Lakini kinaweza kukaa mwilini kimya miaka na miaka bila kuonekana kwenye kipimo, kisha kikajitokeza kinga ikishuka au umri ukisogea. Mume anaweza kuwa alikipata kwa mke wa kwanza aliyekufa kabla hata hujazaliwa, na yeye mwenyewe hakujua maana mwanamume kwa kawaida hana dalili yoyote. Hakuna daktari anayeweza kukitazama kirusi cha HPV akakwambia kiliingia mwaka gani na kutoka kwa nani. Kwa hivyo matokeo ya kipimo hayawezi kuwa ushahidi wa uzinzi, kwa mke wala kwa mume. Nimewahi kumwona bwana amekuja na karatasi ya mkewe anataka nimwandikie kwamba mke ametoka nje. Nilimwambia huo ni uongo, na mimi uongo siuandiki.

Mwanamke anaweza kuwa na mume mmoja maisha yake yote akapata. Mume mmoja naye aweza kuwa na wake wanne wa halali. Hesabu ni ya kirusi, si ya dhambi.

Mwalimu wa Tudor

Naongezea la historia. Mwaka 1842 daktari mmoja wa Verona, Italia, Domenico Rigoni-Stern, alipekua vitabu vya vifo vya mji wake akaona kwamba watawa wa kike walikuwa hawafi sana kwa saratani ya kizazi, ilhali walioolewa na wajane walikuwa wakifa nayo. Miaka 140 kabla ya kirusi kuonekana. Neno lake lilikuwa "walioolewa". Likoni Feri soma hapo.

Likoni Feri

Nimesoma. Mama Twahir samahani mamangu.

Mama Twahir Kisauni

Nimekusamehe, vuka salama.

Kijana wa Changamwe

Mimi natarajia kuoa. Je, naweza kwenda kupimwa HPV nijue niko sawa? Na sigara ina uhusiano? Mchumba wangu havuti, mimi navuta kidogo.

Fundi wa Darubini

Kipimo cha kawaida cha HPV kwa wanaume hakipo kama kilivyo kwa wanawake. Atakayekuuzia "cheti cha usafi" amekula pesa zako. Kondomu hupunguza lakini haizuii yote, maana haifuniki ngozi yote.

Sigara inahusika sana. Mwanamke anayevuta hatari yake ni karibu mara mbili, kemikali za moshi zimepatikana kwenye ute wa shingo ya kizazi yenyewe. Na wewe unayevuta sebuleni unamvutisha. Kadhalika vidonge vya uzazi wa mpango vikitumiwa miaka 5 kwenda juu hupandisha hatari kidogo, na hushuka ukiviacha. Mwanamke asivitupe leo kwa kunisikia mimi, azungumze na nesi wake. Klamidia nayo isiyotibiwa humsaidia kirusi kukaa.

Somo Bi Kale

Nami nimo, wajukuu wamenifungulia. Nimewafunda wari wengi wa mji huu. Twawafundisha usafi, kujifukiza udi, na wengine hutumia shabu na majani. Mwataka kusema haya hayasaidii?

Nesi Mstaafu

Shikamoo somo. Udi wa nguo na chumba una raha yake na hakuna anayekukataza. Lakini shabu ndani huko, na sabuni, na majani ya kukausha, haviondoi kirusi. Hukwangua ngozi, na kirusi kinataka mkwaruzo ndio kipenye. Isitoshe huua bakteria wazuri wanaolinda njia. Maji ya nje yanatosha.

Nakuomba kitu kimoja, somo. Wewe unasikilizwa kuliko mimi na Fundi tukiwekwa pamoja. Mwari anayekuja kwako akishaolewa na kuzaa, mwambie akifika miaka 30 aende akapimwe, na mwenye virusi vya ukimwi aanze 25. Na akitokwa na damu baada ya kulala na mume, au katikati ya mwezi, au baada ya kukoma hedhi, asingoje miaka yoyote, aende siku ile ile. Hilo lingekuwa somo hasa.

Somo Bi Kale

Nitawaambia. Lakini wanaogopa. Wasema wanaingizwa vyuma.

Nesi Mstaafu

Basi niwaeleze, ili kusiwe na siri.

Unaingia chumbani na nesi, pazia linafungwa. Unavua chupi tu, buibui wengine hubaki nalo, leso unafunikwa nayo. Unalala chali, magoti juu. Kuna chombo cha kufungulia njia, siku hizi mara nyingi ni cha plastiki na kinapakwa mafuta ya kutelezesha. Unakisikia kikisukuma, na ukijikaza kinauma, ukipumua taratibu hakiumi. Kama ni kipimo cha siki, nesi anachovya pamba kwenye siki isiyo kali anaipaka kwenye shingo ya kizazi, anangoja dakika moja kisha anamulika taa. Panapogeuka peupe kwa ukingo ulionyooka ndipo penye mashaka. Majibu unayapata kabla hujavaa viatu. Kama ni kipimo cha papsmia, nesi hukwangua seli kidogo kwa burashi zikaenda kwa Fundi.

Kilichokuja sasa ni kipimo cha DNA ya kirusi chenyewe, na hicho mara nyingi unaweza kujichukulia mwenyewe: wanakupa burashi laini, unaingia chooni, unaizungusha ndani, unairudisha kwenye chupa. Hakuna aliyekutazama. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 limekitanguliza mbele ya vyengine kwa sababu kinakamata mapema. Kikitoka hakuna kirusi, mwanamke wa kawaida anaweza kukaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kurudia. Mwenye virusi vya ukimwi miaka 3 hadi 5.

Kikitoka kipo, SI SARATANI. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Ni kusema uangaliwe. Pakionekana doa, wanaligandisha kwa gesi ya baridi, au wanalichoma kwa joto, au wanalikata kwa waya wa umeme, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Kisha mwezi mmoja bwana alale upande wake. Hapo ndipo wanawake wetu wengi hukwama kuliko kwenye vyuma, somo, na hapo pia twakuhitaji.

Kenya hupata wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 kila mwaka, na zaidi ya 3,000 hufa. Wengi huja wakati damu haizuiliki na mgongo umeshaanza kuuma.

Fundi wa Darubini

Na mashine moja inayosoma DNA hiyo ni ile ile tunayopimia kifua kikuu, vikasha tu ndio tofauti. Mtu asishangae akiona sampuli yake imepelekwa chumba cha kifua kikuu.

Mama Twahir Kisauni

Nna mjukuu wa miaka 11, shuleni wameleta karatasi ya chanjo. Mamake akataa, asema inafunga kizazi.

Fundi wa Darubini

Chanjo hii ilizinduliwa kitaifa hapa hapa Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Maneno ya kufunga kizazi yalikuwepo siku ile na bado yako.

Ndani yake hamna kirusi, mna ganda lake tu. Protini iitwayo L1 ikitengenezwa peke yake hujikusanya yenyewe ikaunda umbo la kirusi lisilo na DNA ndani. Haliwezi kuambukiza, haliwezi kuzaana. Mwili hulizoea ganda, na kirusi cha kweli kikija kinakuta kinga ipo. Inatolewa katika umri huo kwa sababu inazuia, haitibu. Ikija baada ya kirusi kuingia imechelewa kwa aina hiyo.

Kama inafunga kizazi, wale waliochanjwa Australia tangu 2007 ni wake za watu sasa na wanazaa. Scotland walipotoa hesabu yao mwaka 2024, kati ya waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13 hawakumpata hata mmoja mwenye saratani iliyopenya, yaani saratani kamili, si dalili zake za mwanzo. Na hapa Kenya, Kisumu, Thika na Nairobi, wasichana walijitolea kwenye utafiti wa dozi moja: kwa miezi 18 dozi hiyo ilizuia maambukizi mapya ya kudumu ya HPV 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja kwa wasichana wadogo wenye kinga nzuri.

Sasa narudi kwa HPV 35 niliyowaambia mwanzo. Haimo kwenye chanjo hizi, hata ile ya aina 9. Kwa hivyo mjukuu akichanjwa leo, akifika miaka 30 atapimwa vile vile. Anayekwambia chanjo yatosha amekwambia nusu.

Mama Twahir Kisauni

Nitamwonesha mamake uzi huu usiku, akishamaliza kukanda mahamri.

Dada wa Bamburi

Mamangu alikuwa na saratani ya titi. Nimesoma kuna jeni za BRCA. Je, zaingia na huku?

Fundi wa Darubini

BRCA1 na BRCA2 ni za titi na mayai ya uzazi. Si sababu ya saratani ya shingo ya kizazi. Kwa titi nenda ukamwone daktari akuandikie historia ya kwenu, kwa shingo ya kizazi wewe ni kama wengine: kirusi, umri, kipimo.

Shosti wa Majengo

Nimepiga simu kliniki. Wasema nije Jumanne na wadogo zangu wote wawili. Nna swali: mmoja yuko kwenye siku zake.

Nesi Mstaafu

Hongera. Huyo amalize kwanza, aende wiki inayofuata. Na nyote siku mbili kabla msiingize dawa, maji wala kitu chochote, na bwana naye asubiri.

Bibi wa Mtongwe

Mimi nilitolewa kizazi zamani kwa ajili ya vimbe. Nami nende?

Nesi Mstaafu

Bibi, inategemea. Kama kilitolewa pamoja na shingo yake na haikuwa kwa saratani wala dalili zake, huna haja. Kama waliiacha shingo, unapimwa kama sisi. Imeandikwa kwenye karatasi ya upasuaji.

Bibi wa Mtongwe

Karatasi i kwa mwanangu Voi. Nitamwambia aipige picha anitumie.